Waya wa Mita Tisa

Kwa miaka thelathini na mmoja Hezekiah Wambugu alikuwa mtunza mabomba wa mradi wa maji kijijini kwao Tetu, na katika miaka hiyo yote hakuna boma lililolala na mtungi mkavu kwa kosa lake. Alijua kila kiungo kilikozikwa. Alijua bomba la inchi mbili linapeleka nini na la nusu inchi linamnyima nani. Kwa hiyo mjukuu wake Shiku alipompigia simu Jumatatu kutoka Kenol, anakofundisha shule, na kumweleza kwamba shida yote iliyobaki ni waya mfupi, mzee alicheka.

"Kama ni kurefusha, hiyo ni kazi yangu."

"Guka, hii si maji."

"Ni kitu kinatoka hapa kinaenda pale, ama sivyo? Wacha nipime."

Akapima. Alichukua futi yake ya chuma, akaanzia kwenye kigoda kilichowekwa chumbani kwa mama yake, akapitia dirishani, akavuka ua hadi pembe ya jikoni la nje. Mita tisa na sentimita ishirini. Aliandika kwenye daftari akapiga mstari chini yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kati ya shamba lake na la jirani yake Kinuthia wa Mugo kulikuwa na ukanda wa ardhi, upana wake hatua thelathini, wenye mashina mia sita ya chai na kaburi la baba yake Hezekiah. Kinuthia alikwenda mahakamani kusema ukanda ule ulikuwa wa baba yake. Hezekiah akajibu kwa matoka, ile mimea ya mpakani ambayo hata ukiichoma moto kiazi chake huchipuka tena, na ambayo mtu mwenye akili haing'oi kwa kuogopa laana. Matoka yalikuwa yamesimama upande wa pili wa kaburi, kwa Kinuthia, na Hezekiah aliyakuta hapo tangu apate fahamu. Nani aliyapanda? Baba yake, marehemu Wambugu. Nani aliona? Wote walioona walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Wachuka, mama yake, mwenye miaka tisini na sita. Mwezi wa nne alianguka karibu na ghala akavunjika nyonga, na daktari akasema asiinuliwe kitandani mpaka mfupa ushike. Kesi iliahirishwa mara mbili kwa ajili yake. Mara ya tatu hakimu alisema basi, atoe ushahidi kwa video akiwa kitandani, Alhamisi saa tatu asubuhi, na baada ya hapo upande wa Hezekiah utafungwa.

"Si tuko na ile karatasi ya ushahidi ambayo mama aliweka kidole?" Hezekiah alimwuliza wakili wake, msichana mmoja mkali anayeitwa Anita.

"Karatasi haiwezi kuulizwa maswali, mzee. Bila yeye mwenyewe, karatasi itakuwa nyepesi sana. Na bila yeye, kusema kweli, hatuna kesi."

Shiku alikuwa ameleta kompyuta yake ya zamani Jumapili, akaiwasha, akamfundisha babu yake mahali pa kubonyeza. Ila kompyuta ile iliwahi kumwagiwa chai na mwanafunzi, na tangu siku hiyo haikuweza kushika mtandao hewani. Ilitaka modemu ya kuchomeka ubavuni. Modemu nayo, kwa vile boma liko bondeni kama yai kwenye kiota, ilipata mtandao mahali pamoja tu, pembe ya jikoni, panapoelekea mnara wa simu ulio kwenye mgongo wa kilima cha pili.

Kumsogeza mama hadi pembe ya jikoni hakukuwezekana. Daktari alikataza, na hata asingekataza, nani angembeba? Mwanamume aliyetahiriwa haingii anakolala mama yake. Tangu Wachuka augue, ni Ngendo, mke wa Hezekiah, aliyemwosha na kumgeuza. Hezekiah alimsalimu mama yake kila asubuhi akiwa nyuma ya pazia la mlango, na hata kile kigoda alikipima kwa kumpa Ngendo ncha ya futi aipeleke ndani. Shiku alisema kuna njia ya kutumia simu mbili kubwa, moja jikoni ya kurusha mtandao na moja kitandani. Yeye alikuwa na simu ya vibonyezo. Aende kuazima kwa majirani, ambao nusu yao ni ukoo wa Kinuthia? Afadhali waya.

Jumanne asubuhi alishuka Nyeri mjini, akaenda Majengo, kwenye duka dogo nyuma ya msikiti ambalo Shiku alimwelekeza. Mwenye duka, Batula, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa akinywa chai ya tangawizi kati ya chaja na redio.

"Nataka ya kurefusha hii." Hezekiah aliweka modemu juu ya kioo. "Mita tisa na kidogo. Nipe kumi."

"USB hiyo, mzee. Mwisho yake ni mita tano."

"Mwisho kwa nini? Imekatazwa?"

"Haijakatazwa. Inachoka." Batula akaweka kikombe chini. "Iko waya ya mita kumi, lakini hiyo iko na chip ndani, ya kuisukuma. Nilikuwa nayo moja, watu wa kanisa wakanunua ya kamera yao. Ingine inatoka Nairobi Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali kama mwaka ujao. Niko na korti Alhamisi."

"Basi lete laptopu karibu na modemu."

"Laptopu iko kwa mama. Mama yuko kitandani." Alisema kwa namna ya mtu aliyefunga mlango. "Hizi hapa ni za mita ngapi?"

"Tatu."

"Nipe nne. Nitaunga."

Batula alimtazama juu ya miwani. "Ukiunga nne, mzee wangu, hiyo data itafika huko ikiwa mgonjwa."

"Mama, mimi nimetoa maji msituni nikaleta kilomita nane bila pampu. Unajua kilomita nane?"

"Walahi, maji iko na mlima ya kuisukuma. Hii inasukumwa na nini?"

Mwanamume aliyekuwa akingoja kurekebishiwa simu alicheka. Hezekiah hakumtazama. Alianza kuchagua. Zilikuwepo nyembamba za kijivu na nene nyeusi, na kila mtu aliyefanya kazi ya mabomba anajua kipi hubeba zaidi. Alichukua nne nene. Batula, badala ya kunyamaza achukue pesa yake, alitoa kwenye droo kipande cha waya kama ule kilichokatwa.

"Angalia. Usidanganywe na ngozi. Ndani ni nywele tu."

Kweli, ndani ya ule unene wa mpira mlikuwa na nyuzi nne kama zile za hindi changa. Hezekiah alikishika, akakigeuza, akakirudisha.

"Hiyo ni ile ilikatwa," alisema. "Hizi hazijakatwa."

Jambo moja lilimridhisha: kila waya ulikuwa na dume upande mmoja na jike upande wa pili, ukaingia mmoja kwa mwenzake bila kulazimishwa. Viungo vizuri. Alirudi Tetu akiwa amenyoosha mgongo.

Saa nane mchana waya ulikuwa umetandazwa kutoka dirishani hadi jikoni, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Kila kiungo alikizungushia ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, umande usije ukaingia. Kisha alichomeka modemu mwisho wake.

Taa ya bluu iliwaka. Ikapepesa mara mbili. Ikazimika. Ndani ya nyumba kompyuta ililia, sauti ya kupanda kama ya kukaribisha mgeni, halafu ikalia sauti ya kushuka.

"Imekubali?" mama yake aliuliza kutoka kitandani.

"Karibu, maitu."

Alichomoa akachomeka. Akabadilisha mpangilio, wa kwanza ukawa wa mwisho. Akafungua utepe, akapuliza ndani ya kila tundu, akafunga upya. Kompyuta ikakaribisha na kuaga, ikakaribisha na kuaga, mpaka Ngendo akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Moffat, hiyo mashine inasalimiana na nani?"

"Niache nifanye kazi."

"Hata maji yako ilikuwa inakauka Januari."

"Januari chemchemi ndiyo ilikauka! Si mimi!"

Aliondoa waya mmoja. Zikiwa tatu, taa ilipepesa kwa muda mrefu zaidi, kisha ikafa. Akaondoa wa pili. Zikiwa mbili, taa ilikaa, imara, ikipendeza. Lakini sasa modemu ilikuwa katikati ya ua, karibu na kamba ya nguo, na hapo hapakuwa na mtandao hata chembe. Alisimama akiishikilia juu ya kichwa chake, kisha akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akaishikilia juu zaidi. Hakuna. Pale waya ulipofanya kazi, mtandao haukufika. Pale mtandao ulipofika, waya haukufanya kazi. Mzee alishuka kwenye ndoo akaketi juu yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, na alikuwa hajui afanye nini na mita tatu na kitu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona uvujaji. Bomba likikosa maji, unalifuata. Penye kosa pana majani mabichi, au tope, au sauti. Huu waya ulikuwa mkavu kila mahali, mzima kila mahali, na bado kitu kilikuwa kinapotea njiani bila kuacha alama.

Jumatano alirudi Majengo. Alikuwa ameandaa maneno ndani ya basi, lakini alipofika aliweka tu zile nne juu ya kioo.

Batula hakucheka. Alizihesabu, akazirudisha kwenye msumari wake, akateremsha mbili za kijivu, nyembamba. "Hizi ni za mita tano tano. Shaba safi. Na katikati utaweka hii." Akatoa kijisanduku cheusi chenye matundu manne na waya wake wa stima. "Inaitwa habu. Data ikifika hapa imechoka, inapewa nguvu ingine, inaenda. Lakini lazima uiwashe kwa stima. Bila stima ni bure."

Hezekiah alikipima kwa macho. "Hii ni pampu ya kati."

"Sasa umesema."

"Mbona hukuniambia hii jana?"

"Jana ulikuwa unaniambia wewe."

Alilipa akaondoka. Mlangoni aligeuka. "Asante, mama."

"Mwambie mama yako pole. Mungu amsaidie hiyo kesho."

Na kweli, jioni hiyo kabla ya giza, kile kijisanduku kikiwa kimekingwa na beseni chini ya upenu, hatua tatu kutoka dirishani, stima ikiwa imevutwa kutoka sebuleni, taa ya bluu iliwaka pembe ya jikoni na ikakaa. Shiku alionekana kwenye kioo cha kompyuta akiwa Kenol.

"Cucu! Unaniona?"

"Nakuona," Wachuka alisema. "Umekonda. Huko hawakupi chakula?"

Ngendo alipiga makofi. Hezekiah, nyuma ya pazia, alitazama dari, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alihisi njaa.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya mwezi wa saba isiyotoka mifupani. Saa mbili na nusu Ngendo alimvalisha mama mkwe wake kitambaa cheupe cha kichwa na sweta ya kanisani, akampandisha kwa mito. Kompyuta iliwekwa kwenye kigoda, uso wake ukimwelekea mgonjwa. Hezekiah alivuta kiti hadi kizingitini. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni, lakini yeye aliketi amegeuka, akaona mgongo wa kompyuta tu, si kioo chake. Hivyo ndivyo ilivyofaa. Anita alikuwa ameagiza simu zote zizimwe kama watu walio kortini, naye akazima yake, akaitia mfukoni.

Saa tatu na dakika kumi kesi ikaitwa. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Karani alisoma kiapo kwa Kiswahili, mkalimani akakigeuza Kigikuyu, na Wachuka, mkono juu ya Biblia yake yenye jalada lililoshonwa kwa uzi, akaapa polepole, neno kwa neno, kama anayepanda mbegu.

Kisha sauti ya Anita: "Cucu, tueleze yale matoka ya mpakani. Ni nani aliyapanda, na unakumbuka nini juu yake?"

"Nakumbuka yote," Wachuka alisema.

Ngendo, aliyesimama kando ya kitanda, akarudi nyuma akarudisha dirisha, kwa maana mama mkwe alikuwa amejikunyata kwa baridi. Wachuka akaanza kusema.

"Niliolewa na Wambugu mwaka ule wa nzige. Shamba letu lilikuwa dogo. La Mugo lilikuwa kubwa, kwa sababu baba yake alilima wa kwanza. Mpaka ulikuwa huku chini, karibu na ule mti tuliokata. Hapo ndipo matoka yalikuwa."

Hezekiah aliinua kichwa.

"Wakati wa Hali ya Hatari, Mugo alishikwa akapelekwa kizuizini. Mke wake alikuwa peke yake na mtoto mgongoni, huyo Kinuthia. Halafu wakasema mashamba yatapimwa, kila mtu aonyeshe mpaka wake, na asiyekuwepo ni shauri yake. Mzungu wa kupima alikuwa anakuja Jumatatu. Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, Wambugu alichukua jembe. Aliyachimbua matoka na viazi vyake, hata kimoja hakukikata, akayapanda upya kule juu. Hatua thelathini. Mimi ndiye nilibeba viazi kwa kiondo."

Ngendo alikuwa ameweka mkono mdomoni. Hezekiah alitaka kusema kitu, lakini mtu hamkatizi mzazi akisema, na zaidi ya hayo mahakama ilikuwa inasikiliza. Angesema nini mbele ya hakimu? Alishika magoti yake.

"Mugo alitoka kizuizini baada ya miaka mitatu. Alisimama pale akaangalia. Hakusema. Angesema kwa nani? Ile karatasi ya shamba ilikuwa imeandikwa. Wambugu hakula vizuri tena katika hilo shamba. Alipokuwa anakufa alisema tumzike hapo kwenye ukanda, ili mtu yeyote asiulize tena. Nasi tukamzika. Hakuna mtu amewahi kuniapisha mpaka leo. Ndiyo nimesema."

Akanyamaza. Manyunyu yaligonga mabati. Hezekiah alingoja Anita aseme, au wakili wa Kinuthia, au hakimu apige meza. Hakuna aliyesema.

"Hakimu anafanya nini?" alinong'ona.

"Ametulia," Ngendo alinong'ona naye. "Wote wametulia kabisa, hata mkalimani amemngoja amalize. Wanamsikiliza kwa heshima sana."

"Anaandika?"

"Hapana. Ameinua kalamu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mama aanze."

"Hajaishusha hata mara moja?"

"Sijaona. Hata yule wa nyuma, amefunga macho tangu hapo, kama anaomba."

Hezekiah alitoa simu mfukoni. Ilichukua muda wa kuudhi kuwaka. Mara tu ilipowaka, ikalia.

"Mzee! Mko wapi?" Ilikuwa Anita, akisema kwa kasi na kwa sauti ya chini kama aliye kwenye veranda. "Tumewapoteza! Mara tu baada ya 'nakumbuka yote'. Nimekupigia mara tisa."

"Ulisema tuzime simu."

"Sawa, sawa. Sikiliza. Mheshimiwa ametupa dakika kumi. Msiporudi nitamwomba apokee ile karatasi aliyoweka kidole. Ameuona uso wake, amemsikia akiapa, ameona jinsi mmejaribu. Kabla ya leo angekataa. Sasa nadhani atakubali. Na karatasi iko vizuri, mzee, iko upande wetu." Akapumua. "Kwa hivyo niambie tu. Mnaweza kurudi ama hamwezi?"

"Ngoja," alisema Hezekiah, akaizima.

Ile karatasi aliiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake mzuri wa shule ya jioni. Alimsomea mama yake kupitia pazia: matoka yaliyopo mpakani yalipandwa na marehemu mume wangu, Wambugu, mbele ya macho yangu. Naye alisema ni kweli, akaweka kidole.

"Ngendo," Wachuka aliita, "wamesikia?"

Ngendo alimtazama mume wake pale kizingitini. "Baba Moffat, mwambie wewe."

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na lingempa bibi kizee usingizi mzuri. Lakini hakujua kumdanganya mtu yule, hakuwahi kujifunza.

"Maitu, mashine ilikatika. Hawajasikia."

"Hata kidogo?"

"Walikusikia ukiapa. Basi."

"Kwa hivyo nimeapa na sijasema." Alifikiri jambo hilo. "Itengeneze. Bado niko na nguvu kidogo."

"Maitu." Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Baba alifanya hivyo kweli?"

"Nilibeba kiondo."

"Mbona hukuniambia? Nilikusomea ile karatasi. Ulisema ni kweli."

"Uliniuliza kama aliyapanda pale. Aliyapanda pale." Akavuta pumzi. "Wewe hukuuliza yalitoka wapi."

Hezekiah alitoka nje bila kofia. Hakuwa na mpango. Alijiambia anakwenda tu kuangalia, kwa vile ni lazima fundi aangalie. Aliona mara moja: dirisha lilikuwa limeubana waya na kuuvuta, na kule chini ya beseni dume lilikuwa limetoka nusu kwenye tundu la habu, limening'inia upande. Safari hii kosa lilikuwa na alama. Hata mtoto angeliona.

"Ngendo! Fungua dirisha kidogo, waya ilegee."

Dirisha likafunguka. Alichuchumaa kwenye tope, akaondoa beseni, akakisukuma kichwa cha waya ndani. Taa ya bluu ikawaka jikoni. Akaachilia. Ikazimika. Tundu lilikuwa limepanuka kwa kule kuvutwa, halishiki tena. Alijaribu la pili, la tatu, la nne, lakini hayo unyevu ulikuwa umeshayaingia, na taa haikuyakubali hata kidogo. Akarudi kwenye la kwanza, akakishika kichwa cha waya kwa vidole viwili, akakiinua juu kidogo, upande wa kushoto. Ikawaka.

"Wamerudi!" Ngendo alilia kutoka ndani. "Hakimu ameshusha kalamu!"

Vidole vikateleza kwa unyevu.

"Wameenda."

Akabaki amechuchumaa, kichwa cha waya mkononi, maji yakimtiririka nyuma ya masikio. Dakika ngapi zilikuwa zimebaki? Nne? Mashina mia sita ya chai yalikuwa nyuma yake, yanang'aa kwa mvua, tayari kuchumwa. Baba yake alikuwa amelala kaburini katikati yake. Hakuna mtu angemlaumu. Wiki nzima kijiji kiliona anavyohangaika na waya. Batula wa Majengo angeapa kwamba alionya. Angekaa hapa tu, bila kufanya lolote, na lolote lisingefanyika. Hakuwa na la kuvuta wala kukata. Ilitosha kutoshika.

"Mwanangu," mama yake aliita kupitia dirishani, "imekubali?"

Alijipangusa vidole kwenye shati, kifuani, mahali palipobaki pakavu. Akakishika tena kile kichwa cha waya, akakiinua juu kidogo, upande wa kushoto.

"Imekubali, maitu. Sema."

Alisikia sauti ya Anita ikishukuru mahakama kwa uvumilivu wake. Alisikia furaha katika sauti hiyo, akafunga macho. Kisha mama yake akaanza upya, kutoka mwaka wa nzige, hakuruka kitu. Na kwa kuwa mkalimani alirudia kila sentensi kwa Kiswahili, Hezekiah aliyasikia yote mara mbili, mara moja kwa lugha aliyolelewa nayo, mara moja kwa ile aliyoisomea. Mti uliokatwa. Mke wa Mugo na mtoto mgongoni. Jumapili, watu wakiwa kanisani. Alisikia Anita akijaribu kumkatiza kwa upole, na hakimu akisema, "Mwache shahidi aendelee."

Magoti yalikuwa yakimuuma. Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi, ule uzito mdogo usio na maana wa waya ukawa kama ndoo. Alileta mkono wa kushoto, akashika kwanza kwa huo, akahakikisha, ndipo akauachilia wa kulia. Taa haikuzimika.

"Mimi ndiye nilibeba viazi kwa kiondo," mama yake alisema ndani.

"Shahidi anasema," mkalimani alirudia, "yeye ndiye aliyebeba viazi."